Kwenda Jambiani Kusahihisha Sehemu ya Kumi na Sita

Nilikwenda Jambiani kwa sababu nilisema uongo, na uongo wenyewe ulikuwa mzuri mno. Watu husafiri kwa harusi, kwa msiba, au kwenda kuogelea. Mimi niliitia mafuta vespa yangu nikaenda kumtafuta mwanamke ambaye sijapata kumwona kwa macho, nimweleze kwamba tamthilia ya Kikorea niliyomsimulia haikumalizika vile nilivyomwambia.

Nijieleze kwanza, maana wengine mtacheka, na nataka mcheke mnapojua mnachocheka. Mimi ni Salha, fundi cherehani wa Kikwajuni, hapa mjini, nashona sare za skuli, na ni mpenzi wa miziki na tamthilia za Kikorea. Sijifichi. Kwenye ukuta wa chumba changu cha kushonea nimewabandika vijana watano wenye nywele za rangi. Mteja akiuliza kama hao ni wanaume au wanawake, namjibu kwa adabu, kisha wakati wa kumpima pini inamgusa kwa bahati mbaya. Mama yangu anasema mwanamke wa miaka thelathini na mbili angebandika kalenda. Namwambia kalenda haiimbi.

Tuna kundi letu kwenye simu, linaitwa Kamati ya Machozi. Ni wanawake watupu, wa mjini na wa shamba. Wengi hawana bando la kutazama tamthilia nzima, wengine macho hayasomi maandishi madogo yanayopita mbio chini ya kioo. Basi natazama mimi, na kila siku baada ya alasiri nawasimulia kwa sauti huku nashona. Majina ya Kikorea yanawachanganya, kwa hivyo nawabatiza wahusika upya. Cherehani inasikika nyuma yangu, na Kamati inasema bila ya mlio huo hadithi hainogi. Wapo wasimulizi wengine kisiwani humu. Nimewasikiliza. Hawanifikii.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya dada wawili waliozaliwa kisiwani, niliowaita Mkubwa na Mdogo. Waligombana, Mdogo akahamia mji mkuu akafungua duka la vitambaa, wakakaa miaka hawasemezani. Katika sehemu ya tisa anaonekana mama yao, zamani, anampikia Mkubwa supu ya mwani kwa siku yake ya kuzaliwa, kama ilivyo desturi yao. Siku ile ndipo Bi Kazija wa Jambiani, aliyekuwa kimya kwenye kundi tangu aingizwe, alipotuma sauti yake ya kwanza. Upepo ulikuwa unavuma nyuma yake.

"Salha mwanangu, hebu rudia hapo. Wanaula?"

Bi Kazija analima mwani tangu mimi sijazaliwa. Anaupanda, anauvuna, anauanika, unatiwa kwenye magunia unaondoka. Aliwahi kuambiwa kwamba huko uendako unafanywa sabuni na dawa. Hajapata kuambiwa kwamba yuko mama mahali fulani anaupika kwa ajili ya mwanawe. Tangu siku hiyo hakukosa sehemu hata moja.

Sehemu ya kumi na sita, ya mwisho, niliitazama Jumapili. Nililia mpaka nikaupachika mfuko wa shati la mtoto wa watu juu chini, maana Mkubwa anakufa. Nikaikumbuka tamthilia iliyotangulia, ile iliyomalizika kwa kifo, Kamati ikaninunia siku tatu kama kwamba nimemuua mimi. Nikajiambia Wakorea wako mbali, nani atakuja kunishitaki? Nikasimulia mwisho wangu mwenyewe. Mdogo anabisha hodi, Mkubwa anafungua mlango, anamtazama, anamuuliza, "Umekula?" Kisha anampakulia supu. Nilivyolisema lile neno "umekula", na cherehani nikaisimamisha kwa makusudi, hata mama alitoka jikoni kusikiliza.

Jumatatu asubuhi ikaja sauti ya Bi Kazija, kwangu peke yangu, si kwenye kundi. Aliniambia nimemfungua kifua. Anaye dada yake Bububu, Bi Mize, na mwaka wa saba huu hawasemezani. Sasa ameazimia kwenda. Bamvua hili la maji makubwa likisha, akishauvuna mwani wake na kuukausha, atakwenda kumpikia supu dada yake, kama Mkubwa na Mdogo.

Nilifurahi kwa muda wa kushona pindo moja. Halafu nikaisimamisha cherehani, kwa sababu Mdogo wa kweli, yule wa kwenye tamthilia, alisema maneno hayo hayo. Alisema akimaliza kazi za msimu wa sikukuu, atakwenda.

Kikwajuni, Jumanne, saa moja na nusu asubuhi. Mama alinifungia mikate ya kumimina na kuniuliza kwa nini nisipige simu tu. Nilimwambia uongo niliupitisha kwenye simu, kweli haifai ipite njia hiyo hiyo. Akanipa na helmeti yake niiweke chini ya kiti, maana mama haamini safari ya helmeti moja. Akasema, "Njia ya mwongo fupi." Nikamjibu kwamba ya Jambiani ni saa moja na nusu.

Mwanakwerekwe watu walikuwa wamejaa kama kawaida, na mimi naipenda vespa kwa sababu hapo ndipo inapojua thamani yake. Nilipita kati ya mikungu ya ndizi na magari yasiyokwenda, nyimbo za vijana wangu watano zinaimba masikioni. Baada ya Tunguu njia inapumua. Nilizima muziki nikaanza kufanya mazoezi ya kuungama. Nilijaribu kwa utani, haikuwa. Nilijaribu kwa kulia, kama wanavyofanya kwenye tamthilia, wakipiga magoti kwenye mvua. Mvua yenyewe haikuwapo.

Jozani, saa mbili na robo. Hapo kuna baridi ya miti na matuta ya barabarani, usije ukawagonga kima punju. Kundi lao lilikuwa linavuka, mama mmoja amembeba mwanawe tumboni, hawana haraka, barabara yao. Nilisimama nikala mkate mmoja. Wageni walikuwa wanapiga picha, na msichana mmoja wa Kiasia alikuwa amevaa fulana yenye picha ya vijana wangu watano. Nilimwonyesha picha zao kwenye simu yangu. Alipiga kelele, na mimi nikapiga, tukaimba kiitikio kizima pembeni ya barabara, yeye hajui Kiswahili na mimi Kikorea changu ni cha mapenzi na matusi tu. Kima walitutazama. Dakika tano zile zilinipa nguvu kuliko mkate.

Jambiani, saa tatu. Nilipita baina ya mahoteli na nyumba za mawe ya matumbawe nikauliza kwa Bi Kazija. Nikaambiwa maji yamekupwa, wanawake wote wako chini. Nilivua viatu nikapandisha gauni nikaenda. Kutoka ufukweni mpaka kwenye mashamba ya mwani ni mwendo hasa. Wanawake walikuwa wamekaa ndani ya maji ya magoti, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba. Sikujua yupi ni yupi, nikaita.

"Bi Kazija!"

"Naam!"

Sauti niliijua papo hapo. Mwenye sauti sikumjua hata kidogo. Nilikuwa nimemfikiria mnene, mtu wa kukaa barazani, kumbe ni mrefu, mwembamba, mkavu, mikono imepasuka kwa chumvi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akainamisha kichwa akaniomba niseme tena neno lolote. Nikasema. Akawageukia wenzake akawaambia ndiye, ni yule Salha wa Kamati, ila hii leo kaja bila ya cherehani yake.

Nilikaa majini na gauni langu. Akanipa kamba nimsaidie. Mimi ninayeshona mashati ishirini kwa siku, fundo langu la kwanza lilifunguka, na la pili pia. Akalifungua la tatu mwenyewe akalifunga upya. Nikaona nikingoja nipate mahali pazuri pa kuanzia, maji yatajaa.

"Bi Kazija, ile sehemu ya mwisho sikuisimulia kama ilivyo. Mwisho ule nimeutunga mie."

Hakuacha kufunga. Nikamweleza yote. Mdogo alimaliza kazi zake za msimu, akafunga duka, akanunua kitambaa cha hariri cha kumpa dada yake, akapanda boti. Alipofika mlango ulikuwa wazi na viatu vya Mkubwa vipo kizingitini. Aliita, hakuitikiwa. Alipotoka nje akakutana na majirani wanarudi kuzika. Ndiyo tamthilia ilivyoishia, kakaa kizingitini na viatu vya dada yake mapajani.

Bi Kazija alifunga mafundo mawili. Maji yalikuwa yanamfika kiunoni alivyokaa.

"Alikuwa anangoja nini?" akauliza.

"Kumaliza kazi."

Hapo ndipo aliponieleza ugomvi wao, jambo ambalo Kamati nzima haikulijua. Mama yao alikuwa anauguzwa Bububu kwa Bi Mize. Alifariki asubuhi, wakati wa bamvua kama huu. Bi Kazija alikuwa baharini na simu ameiacha nyumbani. Aliporudi, akaipata habari, akakimbilia Bububu, alikuta wameshazika. Wazee walisema maiti haicheleweshwi, na Bi Mize ndiye aliyeitikia wazike. Bi Kazija alimwambia dada yake, mbele za watu, neno ambalo hakunirudilia mimi. Tangu siku hiyo hajavuka mlango wake.

"Nshachelewa mara moja," akasema. "Una kofia ya pili ya hicho chombo chako?"

Nilimwambia ninayo. Akainuka. Wenzake walimuuliza vipi, mwani umeiva, zimebaki siku mbili za maji haya, ukikaa utakatika uchukuliwe na bahari. Akamwomba jirani yake aliye karibu amvunie atakachoweza, na kitakachokwenda na kiende. Nilimtazama usoni nikaanza kumwomba msamaha. Akaniinulia kidole.

"Wewe ntakugombeza baadae. Saa hii nna haraka."

Nyumbani kwake alioga, akavaa buibui, akatia kwenye mfuko mwani mkavu wa kujaza bakuli kubwa. Helmeti ya mama ilimbana juu ya mtandio, akasema ni sawa. Hajapata kupanda vespa maisha yake. Alinishika kiuno mpaka nikahisi mbavu.

Paje mpaka Jozani, saa nne na nusu, aligombeza. Ahadi ni deni na alilipa lake lote. Kwa sababu ya upepo alikuwa ananisemea sikioni kwa nguvu, na kwa sababu nimeshika usukani sikuwa na pa kukimbilia. Alisema mimi nina ulimi mzuri na nimeutumia kama mtoto. Alisema aliniamini kuliko redio.

"Mie nshazika mume, nshazika watoto wawili," akasema. "Wewe unanificha mie kifo cha Mkorea?"

Nilikuwa nikijiona mwema, ninawahurumia, nawakinga wasilie. Kumbe nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha cherehani nikawakadiria wanawake wale kuwa ni wadogo kuliko mimi. Niliona haya, haya ya kweli, na sikuweza hata kufuta uso kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini. Kwenye matuta ya Jozani akawatazama kima, akaniuliza kama bado nina ule mkate anaousikia harufu yake.

Kikwajuni tulisimama kusali adhuhuri tu. Mama alimwandalia chakula, akakataa kukaa. Alisema akikaa hatoinuka.

Bububu, saa saba na nusu. Nyumba ya Bi Mize iko nyuma ya barabara kuu, ina mlango wa kijani na mti mmoja wa mkungu unaotia kivuli ua mzima. Bi Kazija alishuka, akasimama. Tulikuwa tumetoka kusini kwa mbio zile zote, na sasa baina yake na mlango ilikuwa hatua tano na hakwenda. Nilitaka kusema kitu. Ninayo maneno mia ya mahali kama pale, nimeyasikia yote kwenye tamthilia. Niliyameza. Akapiga hodi.

Alitoka mwanamke anayefanana naye kwa urefu, anachechemea mguu mmoja. Alituangalia sote wawili, helmeti vichwani, akadhani tumepotea. Aliuliza tunamtaka nani. Bi Kazija akahangaika na kamba ya helmeti chini ya kidevu, haifunguki, mpaka nikaenda kumfungulia mimi. Bi Mize akamwona.

Hakusema "umekula". Wala si neno lolote nililomtungia Mkubwa.

"Hukusema kama unakuja," akasema. "Mie nshakula."

Akageuka akaingia ndani. Mlango aliuacha wazi. Tukiwa bado tumesimama nje tukasikia jiko linawashwa na sufuria inavutwa.

Tuliingia. Alitupashia wali na mchuzi wa samaki, akatupakulia sahani zilizojaa mno, na wote wawili hawakuangaliana. Mimi nilikula kwa niaba ya watu watatu. Kisha Bi Kazija akautoa mwani wake mfukoni akasema amekuja kumpikia supu. Bi Mize akauliza tangu lini mwani ukaliwa. Nikaona safari nzima nimekuja kwa ajili ya kweli, basi na hii niiseme. Nikawaambia mwani wetu si ule wa Wakorea, ni wa namna nyingine, nami niliwahi kuupika nikapoteza kijiko. Bi Kazija akanijibu kwamba huu mwani anaujua yeye, mimi ninajua vifungo vya mashati. Akaubandika motoni na kitunguu na ndimu.

Walikaa wakiungoja uchemke, kila mmoja kwenye kibao chake cha mbuzi ya nazi upande wake wa jiko. Bi Mize ndiye aliyeanza, akiutazama moto.

"Nlikupigia siku ile. Ikaita mpaka ikachoka."

"Nlikuwa majini."

"Najua. Nlijua siku ile ile."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulinitukana."

Bi Kazija alisema ni kweli. Akamwomba dada yake radhi, kwa maneno machache, bila ya magoti wala muziki. Bi Mize akaitikia kwa kichwa. Akasema na yeye angeweza kuwaambia wazee wangoje mpaka alasiri, na kila akilala analikumbuka hilo. Nilitoka nje nikajifanya natazama gurudumu la vespa. Nililia pale chini ya mkungu, na sikuwa nimelia namna ile kwa Mkorea yeyote.

Nikiwa nje nikasikia Bi Mize anacheka. Niliporudi, sufuria ilikuwa imegeuka gundi. Mwani wote umeyeyuka, na mwiko umesimama peke yake katikati kama mlingoti. Bi Kazija, bingwa wa mwani wa miaka thelathini na zaidi, alikuwa anauvuta hautoki, na dada yake ameshika ukuta kwa kicheko, machozi yanamtiririka. Bi Mize alionja kwa ncha ya kidole. Akaniuliza kama hii ndiyo wanayopikiwa watoto wazuri huko Korea kwangu. Bi Kazija naye akashindwa kujizuia, akakaa chini. Walicheka mpaka mmoja akamwegemea mwenziwe, na hakuna aliyeondoka.

Nilimuuliza Bi Kazija kama nimrudishe shamba kabla ya jua kuchwa. Bi Mize akajibu yeye, akasema mgeni nimemleta mimi mwenyewe, na sitaondoka naye.

Kikwajuni, kabla ya magharibi. Nilikaa kwenye cherehani, nikatuma sauti kwa Kamati nzima. Niliwaambia mwisho ule nimeutunga, nikawapa wa kweli, wote, mpaka viatu mapajani. Sikuupamba hata chembe. Wapo waliolia na wapo walionitolea maneno, na mmoja akadai tamthilia zote nilizopata kusimulia nizikague upya. Ana haki. Mimi bado ni msimulizi bora kisiwani, hilo halijabadilika. Lililobadilika ni kwamba zamani nilidhani kazi yangu ni kuwachagulia watu cha kulia. Sasa najua wanaonisikiliza wana misiba mizito kuliko ya kwenye kioo, na kifo cha tamthilia hakiwavunji. Huenda kikawainua majini wakavaa helmeti.

Kesho yake baada ya alasiri ikaja sauti kutoka simu ya Bi Kazija, lakini aliyesema siye.

"Salha, mie Mize. Nshaambiwa kama Mkubwa anakufa. Wewe anza tangu mwanzo, nataka nimjue kwanza."

Nikatia uzi kwenye sindano, nikaanza.